Mizani Iliyopungua

Mama alipofariki alituachia vitu vitatu vya kushikika: kinu na mchi wake, nusu eka ya mihogo upande wa mtoni, na kopo la majani ya chai lililojaa sarafu. Kinu alikichukua dada yangu. Shamba tuliliacha liwe la wote. Kopo nililetewa mimi, si kwa haki ya ukubwa, bali kwa sababu mpwa wangu alisema mbele ya jamaa wote, "Mjomba ndiye msomi wetu." Msomi huyo hakuvuka darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi isiyo na jalada, na hati za Kiarabu nilifundishwa na mzee mmoja wa Pangani ambaye ada yake ilikuwa kuchotewa maji kila alasiri. Lakini kwetu mtu anayetunga na kutafsiri mashairi huhesabiwa kuwa anajua mambo yote, na sarafu zimo.

Mpwa wangu alikuwa na haraka yake. Paa la nyumba ya marehemu lilikuwa limeanza kuoza, masika yalikaribia, na huko Dar es Salaam anakofanya kazi alikuwa amesikia kwamba sarafu iliyokosewa kiwandani huuzwa kwa mamilioni. Habari za namna hii si ngeni kwetu. Tangu utotoni tumesikia habari za watu wanaochimba usiku karibu na majengo ya Kijerumani wakitafuta "rupia", na sijamjua hata mmoja aliyejenga nyumba kwa alichokichimbua. Hata hivyo nilikubali kuzichambua zile sarafu. Na nikiri mapema kwamba nilikubali kwa majivuno. Kazi ya mfasiri ni kulinganisha nakala na kutafuta palipokosewa. Nikajiambia kwamba kosa ni kosa, liwe la karatasi au la shaba.

Kwa msomaji wa visiwani asiyeijua Hale, huo ni mji mdogo kando ya Mto Pangani, wilayani Korogwe, kwenye barabara itokayo Segera kwenda Tanga. Wengi huujua kwa mambo mawili. La kwanza ni umeme: kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu ya mto kilianza kazi mwaka 1964, chenye uwezo wa megawati 21, na sisi tuliokulia kivulini mwake tulisoma kwa koroboi. La pili ni mkonge, mmea ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893 kutoka Florida, na ambao uliwavuta watu wa kila upande: Wabondei, Wazigua na Wasambaa waliokuwa jirani, kisha Wanyamwezi, Waha, Warundi na Wamakonde waliotoka mbali. Babu mzaa mama alikuwa miongoni mwa hao wa mbali. Alitoka Tabora, akakata mkonge mpaka mgongo ulipokataa, na mama akazaliwa kambini. Kiswahili cha kambi ile hakikufanana na cha Mji Mkongwe wala na cha Lamu. Kilikuwa Kiswahili cha watu waliokutana kazini, na mimi nilikionea haya kwa miaka mingi.

Nilizimwaga sarafu juu ya mkeka, nikazipanga kwa umri. Ya kale kuliko zote ilikuwa pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani kama 1882 wa Miladi. Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu, na upande wa pili umechorwa mizani. Nilitabasamu peke yangu. Neno lile lile linalopima karafuu ndilo linalopima mishororo yetu. Nikaona nimeingia katika fani niliyokwisha kuizoea.

Haikuwa hivyo. Rafiki yangu mmoja, sonara wa Tanga, aliniazima mzani wake mdogo na kioo cha kukuzia, akanipa somo la kwanza. Alisema, usianze kwa kuuliza sarafu hii ina kosa gani. Anza kwa kuuliza kosa limeingia lini. Sarafu huzaliwa mara moja tu, pale kisahani kitupu cha madini kinapobanwa kati ya mihuri miwili. Kilichoharibika kabla ya hapo, au wakati ule ule wa kubanwa, ni kosa la kuzaliwa nalo, na hilo ndilo wakusanyaji wanalolitafuta. Kilichoharibika baadaye, kwa nyundo, kwa moto, kwa tindikali, au kwa mtoto aliyeiweka sarafu juu ya reli ili gari moshi lipite juu yake, hicho ni jeraha tu, na jeraha haliongezi bei.

Namna ya kuzitenganisha hali hizo mbili ni kufuata mwenendo wa madini. Muhuri ukipata ufa, madini ya sarafu huingia ndani ya ufa ule yanapobanwa. Kwa hiyo ufa wa muhuri huonekana juu ya sarafu kama mstari ulionyanyuka. Mkwaruzo wa baadaye hufanya kinyume chake, huchimba. Kwa ufupi, kosa la kiwandani aghalabu ni kilima na jeraha ni bonde, na kidole chenye subira huweza kulihisi jambo hilo kabla ya jicho. Sarafu iliyopigwa upande huwa na mwezi mwandamo mtupu ubavuni, na herufi zilizo karibu na ukingo huvutika kuelekea nje. Sarafu iliyopigwa mara mbili huonyesha herufi pacha, zote zikiwa na unene wa herufi; muhuri ukitikisika tu wakati wa kuinuka, huacha kivuli bapa pembeni mwa herufi, na kivuli hicho hakina bei ya maana. Kisha kuna uzito. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, iliyopigwa kati ya 1921 na 1946 kwa fedha isiyozidi robo ya madini yake, huwa na uzito wa karibu gramu 7.8. Ikipungua sana au ikizidi, yafaa kuuliza.

Mpwa wangu alikuwa ametenga mbili za matumaini yake. Ya kwanza ilikuwa shilingi yenye kichwa cha mfalme pande zote mbili. Aliileta imefungwa katika leso kama hirizi. Niliipima ikapungua, niliidondosha sakafuni ikatoa mlio uliokufa, niliitazama kwa kioo nikaona uzi mwembamba ukizunguka ndani ya ukingo, mahali shilingi mbili zilipochongwa na kugandishwa. Ilikuwa sarafu ya mcheza kamari. Sikujua kama ilikuwa ya babu, na sikutaka kujua.

Ya pili ilikuwa senti kumi ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati. "Mjomba, hii haina kichwa kabisa," alisema. Nilimweleza kwamba sarafu zenye tundu hazikuwa na kichwa, kwani tundu limekaa mahali pa uso. Zilikuwa na taji na jina tu. Jina la hii lilikuwa la Edward wa Nane, aliyeacha ufalme mwezi Desemba mwaka ule ule wa 1936 kabla hajavishwa taji. Nyumbani kwake Uingereza hakupata kutoa sarafu za matumizi kwa jina lake, ilhali huku kwetu wakata mkonge walilipwa kwa jina hilo. Ni ajabu ya historia, lakini si kosa, na kwa kuwa zilipigwa kwa wingi, bei yake ni ndogo. Kosa lenyewe la mwaka ule lipo kwingine. Katika kiwanda cha Heaton huko Birmingham, kilichokuwa kikipiga senti kumi za Afrika Mashariki na peni za Afrika Magharibi, ambazo kimo na tundu lake ni sawa, mihuri ilichanganywa. Zikatoka peni zenye uso wa kwetu na mgongo wa Afrika Magharibi. Sarafu hizo ni adimu na hutafutwa sana. Tuligeuza senti zetu zote za 1936, moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa na pembe za ndovu mgongoni na jina la Afrika Mashariki, kama ilivyopasa.

Ndipo nikafika kwenye hela ya Tabora.

Tunaitamka "hela" kila siku bila kukumbuka kwamba tunataja sarafu ya Kijerumani. Tangu mwaka 1904 rupia ya koloni iligawanywa katika heller 100, na neno hilo likalainishwa na ndimi zetu mpaka likawa letu. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa. Manowari za Uingereza zilifunga pwani, sarafu hazikuweza kuja kutoka Ulaya, na vita vilihitaji malipo. Hapo Tabora, katika karakana ya reli, wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe: hela tano za shaba ya manjano, hela ishirini za shaba ya manjano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Za dhahabu zilikuwa kama 16,000 tu, na leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Maganda ya risasi na mizinga yaliyeyushwa yakawa hela. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo, na kazi ikakoma baada ya miezi michache.

Hakuna sarafu za nchi hii zilizojaa makosa kama hizo. Zana hazikuundwa kwa kazi ile, na mihuri ilichoka, ikapasuka, ikachongwa mingine. Hivyo hela ishirini zina taji kubwa na taji dogo. Zina herufi L zenye ncha kali, na L zenye mikia iliyojikunja, na nyingine ambazo L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Hata rupia ya dhahabu ina aina mbili, zinazotofautishwa kwa mahali pambo linapoishia chini ya herufi za jina la koloni. Wakusanyaji huziita tofauti hizi aina, si makosa, na huzipanga kwa taji, kwa herufi na kwa rangi ya shaba. Mchanganyiko mmoja ni wa kawaida, mwingine hupatikana kwa nadra. Juu ya aina hizo ndipo huja makosa yenyewe: zilizopigwa upande, zilizopigwa mara mbili, zenye nyufa.

Hela ya mama ilikuwa ya shaba ya manjano, imepigwa upande, ina mwezi mwandamo mtupu ubavuni, na mstari mwembamba ulionyanyuka ukitoka kwenye taji hadi ukingoni. Ni babu aliyekuja nayo kutoka Tabora. Lakini siku nilipoitoa koponi sikuyaona hayo yote. Niliona kipande cheusi kilichofunikwa na ukungu wa miaka. Nilitaka kuisoma vizuri. Basi nikafanya alivyokuwa akifanya mama kwa vyombo vyake vya shaba: nikachukua limau na majivu, nikaisugua mpaka ikang'aa kama imetoka karakanani asubuhi ile. Niliridhika nayo mno.

Mnunuzi wa sarafu aliyeiona Dar es Salaam aliigeuza mara mbili, akaiweka mezani taratibu. "Nani aliisafisha?" aliuliza. Nilinyamaza. Akanieleza, bila ukali, kwamba rangi ile nyeusi ilikuwa sehemu ya sarafu. Ilichukua miaka mia moja kukua, nayo ndiyo shahidi kwamba hakuna mkono uliyoigusa baada ya ule wa fundi. Kosa lilikuwa la kweli, akasema, na ningeileta ilivyokuwa angenipa mara mbili ya bei. Thamani, alisema, hutokana na mambo manne: kosa lenyewe, uhaba wake, hali ya sarafu, na kuwapo kwa mtu anayeitaka. Matatu hayakuwa mikononi mwangu. Hilo moja la hali ndilo lililokuwa mikononi mwangu, nami nililisugua kwa limau.

Kisha akasukuma kando, kwa ncha ya kidole kimoja, senti kumi saba zenye tundu. "Hizi zimeumizwa," alisema. Ukingoni zilikuwa na alama za tupa: moja ilikuwa na mkato mmoja, nyingine miwili, mpaka saba. Mikato yote ilikuwa mabonde. Kwa elimu yangu mpya nilikubaliana naye.

Nilirudi Hale na fedha kidogo na hela moja inayong'aa ambayo sikuwa tayari kuiuza. Dada yangu alipoziona zile saba alisema twende kwa Bibi, mwanamke wa mwisho aliye hai kati ya wale waliokuwa wakiuza vitumbua pamoja na mama karibu na korona. Tulimkuta barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, baba," nami nikazimwaga zile sarafu kwenye kiganja chake. Hakuhitaji kioo. Alipitisha ukucha ukingoni, moja moja, akaibakiza yenye mikato minne. "Hii yangu," alisema.

Zilikuwa kura za upatu. Wanawake saba, na hakuna aliyejua kusoma. Tanzania ilipoanza kutoa sarafu zake mwaka 1966, senti zile za tundu hazikukawia kuondoka sokoni, na kwa sababu hiyo hiyo zikafaa kwa kura, kwani hakuna aliyeweza kushawishika kuzitumia. Kila mmoja alijulikana kwa idadi ya mikato yake. Zilitiwa ndani ya kibuyu, mtoto akachomoa moja, na aliyetoka ndiye aliyepokea zamu. "Mtoto mwenyewe mara nyingi ulikuwa wewe," Bibi aliniambia. Sikumbuki. Nimejaribu sana, sikumbuki. Lakini kwa hesabu ile ya upatu ndiyo nilinunuliwa sare ya shule.

Hapo mazungumzo yakageukia mama, na Bibi akaanza kuimba ubeti mmoja wa zile nyimbo alizokuwa akiimba mama kinuni. Alianza hivi: "Mkonge una mwiba." Nami, kwa mazoea ya mtu aliyezihariri nyimbo zile miaka mingi iliyopita na kuzichapa katika kijitabu kwa gharama zangu mwenyewe, nikamrekebisha. "Miiba, Bibi. Mkonge una miiba."

Nilikuwa na sababu yangu. Utenzi huenda kwa mizani nane. Mkonge una mwiba ni mizani saba. Ukisema miiba, inatimia. Nilipokuwa kijana nilipita ubeti kwa ubeti katika nyimbo za mama nikitafuta mizani zilizopungua, na kila nilipoziona nilijaza. Nilidhani namtendea mema. Nilidhani upungufu ule ulitoka katika Kiswahili cha kambi, na kwamba msomaji wa pwani angetucheka. Daftari la kwanza, nililoandika kama alivyotamka, nililitupa baada ya kijitabu kutoka. Mali bila daftari, wahenga wamesema, hupotea bila habari.

Bibi alinitazama kwa muda. "Wewe umezaliwa mkongeni," alisema. "Jani la mkonge lina miiba mingapi?"

Nilifikiri. Ubavuni jani la mkonge ni laini. Mwiba ni mmoja, mweusi, nchani, na ndio unaotoboa jicho la mkataji anayeinama bila kuangalia. "Mmoja," nilijibu.

"Basi miiba umeitoa wapi?"

Dada yangu, aliyekuwa amenyamaza wakati wote huo, alichukua fimbo ya Bibi, akaimba ule mstari, na mwisho wake akaigonga sakafu. Mkonge una mwiba, kisha pigo. Ubeti wote ulikwenda hivyo. Mizani ya nane haikuwa imepungua. Mama aliiacha kwa mchi. Kwa miaka yote ile mimi, niliyekuwa nikimsikia kila siku akitwanga, nilikuwa nimehesabu maneno bila kuhesabu kinu.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimejifunza kwa wiki kadhaa kutenganisha kosa la kuzaliwa nalo na jeraha la baadaye, na kumbe katika kijitabu changu majeraha yote ni yangu. Nilisugua mpaka pakang'aa. Tena ni afadhali hela ya Tabora, kwani kosa lake la kiwandani bado linaonekana chini ya mng'aro. Katika nyimbo za mama nilifuta hata kosa lisilokuwa kosa, na aliyeziimba hayupo wa kuulizwa.

Msomaji atapenda kujua mambo yaliishaje. Mwishowe hela ya Tabora tuliiuza. Ilileta mabati matatu. Mengine tulichangishana, na paa lilifunikwa kabla ya mvua. Sarafu ya kamari mpwa wangu anayo mfukoni, na ameniapia kwamba haitumii. Senti yenye mikato minne nilimwachia Bibi. Sita zilizobaki ziko mezani kwangu ninapoandika haya, na sijazipangusa hata vumbi.

Kila Ijumaa alasiri tunakaa watatu. Dada hutwanga, kinu kikiwa na mahindi au kitupu, Bibi hukumbuka, nami huandika. Mpaka sasa tumepata beti kumi na moja kati ya arobaini na tatu za kijitabu. Mstari ukitoka na mizani saba nauandika saba, na mwishoni naacha nafasi nyeupe, upana wa pigo moja.